Mama wa Kambo wa Sinema

Jina la bibi yangu sitaliandika hapa. Lilitajwa vya kutosha wakati wake, kwa kipaza sauti, mbele ya vijiji vizima, na ndilo lililomharibia maisha. Nyumbani tulimwita Koko, kama Wakongo wengi tunavyowaita bibi zetu, nami nitamwita hivyohivyo. Alifariki majira ya baridi yaliyopita, na tangu hapo watu wa kanisani wananiuliza kama ni kweli alikuwa mwigizaji. Ni kweli. Hata mimi niliishi naye miaka mingi bila kujua.

Nilijua siku ya Jumapili, kanisani, hapahapa Durban. Kanisa letu ni ukumbi wa kukodi mjini, juu ya duka la mazulia, na ukipanda ngazi unanusa mpira na gundi kabla hujasikia kwaya. Kwetu mtoto akishaingia kanisani hana mwenyewe. Anapitishwa kutoka paja hadi paja mpaka asinzie, ndipo mama yake anamtafuta. Siku hiyo Koko alikuwa amepakata mtoto wa watu aliyekuwa anachezea vifungo vya blauzi yake. Mara akaja mama mmoja mtu mzima, mgeni, ndiyo kwanza amefika kutoka Kivu kumfuata binti yake. Akamtazama Koko. Akamtazama tena. Kisha akamnyanyua mtoto, ambaye kumbe ni mjukuu wake, bila salamu wala samahani, akaenda kukaa naye safu ya nyuma kabisa.

Mimi Mungu hakunipa subira, alinipa mdomo. Nikamfuata palepale, maombi yakiendelea, nikamwuliza mtoto amefanyiwa nini.

"Uliza bibi yako," alisema. "Ule ni mwanamuke wa sinema. Aliua mutoto. Siye tulimuona na macho yetu."

Nilicheka, nikidhani mama wa watu safari imemchosha akili. Nikageuka kumtafuta Koko ili tucheke wote, nikamkuta ameinamia vidole vyake.

Habari yenyewe nilipewa kwa vipande, kwa wiki nyingi, katika fleti yetu ya Berea, tukiwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo. Jirani wa chini alikuwa akigonga dari yake kwa fagio kila tukitwanga, Koko ananyamaza, tunangoja jirani achoke, kisha anaendelea kutwanga na kusimulia. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa kuja, dawa itapunguza kasi tu. Koko alimsikiliza kwa adabu. Njiani, tukiwa tumesimama kwa robot, taa za barabarani, tunangoja kuvuka, akaniambia, "Kama ni vile, basi nikuambie yote upesi."

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Koko alikuwa msichana wa shule ya ushonaji ya misheni, na misheni ile ilikuwa na padri mwenye kamera. Padri alitengeneza sinema fupi za kufundisha watu: chemsha maji, usimpige mkeo, peleka mtoto chanjo. Waigizaji aliwaokota palepale, mpishi wake, fundi matofali, wasichana wa ushonaji. Sinema hazikuwa na sauti hata chembe. Koko alichaguliwa kwa sababu uso wake haukujua kuficha kitu. "Nikichukia," alisema, "hata imbwa ya padri inajua."

Alinieleza kazi ile kama mimi ninavyoweza kukueleza kusuka nywele, maana ndiyo kazi yangu. Kamera ilikuwa ya kutiwa ufunguo kama saa ya mezani, na ufunguo ukiisha picha nayo imeisha. Kwa hiyo mwigizaji alipaswa kulia haraka na kumaliza haraka. Alijifunza kuyaleta machozi padri akianza tu kuhesabu, na kuyakata akisikia kamera inaanza kuchoka. Alijifunza kugeuka polepole, maana ukigeuka upesi, kwenye kitambaa cha kuonyeshea picha unaonekana kama kuku. Alijifunza pia kufunga mdomo, kwa sababu wenzake waliozoea kusemasema midomo ilichezacheza, watu wakacheka pasipo na cha kuchekesha.

Alianza na msichana anayechota maji. Akawa bibi harusi. Kisha akapewa mke anayemfukuza mume mlevi kwa mwiko, na hiyo ndiyo iliyompa umaarufu. Akipita sokoni wanaume walijifunika vichwa kwa mikono, kwa utani, na wanawake walimtilia ndizi za nyongeza kwenye kapu. Alipofika hapo katika kusimulia alikuwa akitabasamu, nami nilimwona msichana yule kidogo, kabla hajaondoka tena.

Sinema bubu inahitaji msemaji. Katekista mmoja alizunguka na gari la misheni kijiji kwa kijiji. Kitambaa cheupe kinatundikwa, injini ya umeme inawashwa, naye anasimama kando na kipaza sauti akiwasemea wote, mume, mke, mtoto, hata mbuzi. Watu walikuja kumsikia yeye kuliko kutazama picha. Alichosema yeye ndicho kilichotokea. Koko mwenyewe hakujua katika kijiji fulani amesemeshwa nini, mpaka akutane na watu wa huko.

Katika sinema ya mwisho Koko alikuwa mama wa kambo. Baba wa nyumba yuko safarini, mtoto wake anaugua surua, na mama wa kambo kwa wivu anakataa kumpeleka dispensari. Mtoto anakufa. Baba anarudi na kumfukuza mke. Hapo Koko alikuwa akiacha kutwanga kabisa, maana alitaka nisikose neno. Baada ya kufukuzwa kulikuwa na mwisho mwingine. Mama wa kambo anarudi kaburini, anavua kitambaa cha kichwa, anapiga magoti, anaomba msamaha, na baba anakuja kumwinua. Waliupiga mwisho ule asubuhi nzima. Alisema hakuwahi kuigiza vizuri namna ile. Mpishi wa padri, aliyeigiza baba, alilia machozi ya kweli.

Sinema ilipoanza kuzungushwa, mwisho ule haukuwamo. Iliishia pale anapofukuzwa. Koko alimwuliza padri, padri akasema mikanda mingine bado iko Ulaya inasafishwa, wangoje. Baadaye padri akahamishwa.

Na katekista naye akaongeza lake. Watu wa sinema zile hawakuwa na majina, na watazamaji waligombana wakiuliza huyo ni nani, yule ni nani. Msemaji hapendi kukatizwa. Akaona ni rahisi kuwaita waigizaji kwa majina yao ya kweli, jina la mtu, la baba yake na la kijiji chake. Kwa sinema ya mwiko ilikuwa raha tupu. Sinema ya mama wa kambo nayo akaisema vilevile: mtazameni binti wa fulani, wa kijiji fulani, dawa iko mlango wa pili naye anakataa! Nadhani hakuwa na nia mbaya. Nimejaribu kumchukia nikashindwa, ingawa kuchukia si kazi inayonishinda kwa kawaida.

Watu wale walikuwa hawajazoea sinema. Walichokiona walikiona. Mchumba wa Koko akarudishiwa mbuzi zake na wazee wa Koko, kwa sababu mama mkwe alisema hawezi kulala nyumba moja na mtu yule. Sokoni wanawake walivuta watoto wao nyuma ya sketi. Yule mtoto aliyeigiza kufa alikuwa mzima, anacheza mpira kwenye uwanja wa misheni, na haikusaidia kitu. Walisema huyo ni mwingine.

Akaolewa mji mwingine, na dereva wa lori kutoka Maniema ambaye hakuwahi kuiona sinema hiyo. Akazaa mtoto wa kiume. Gari la misheni likafika na mji ule pia, na kipaza sauti chake. Halafu surua ikaingia mjini, na mtoto wa Koko akafa.

"Ulimpeleka dispensari?" nilimwuliza.

"Nilimupeleka," alisema. "Dawa ilishindwa." Akaanza kutwanga kwa nguvu mpaka jirani akagonga.

Matangani wanawake walimtazama anavyolia. Koko alilia jinsi alivyofundishwa, upesi, machozi mengi, kisha yakakatika. Hakujua namna nyingine. Mmoja akasema, wala hakunong'ona: "Ameanza tena." Iko methali ambayo siwezi kuivumilia, lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Koko aliniambia ilisemwa pale siku nzima, kama wimbo wa msiba.

Baadaye alimzaa mama yangu, na mama yangu akanizaa mimi, akafariki nikiwa mdogo sana. Vita vilipokuja Koko alinibeba mgongoni, na baada ya barabara ndefu na kambi mbili tatu tukajikuta hapa. Nakumbuka miaka yetu ya kwanza Durban kwa jambo moja. Nikikohoa mara mbili, Koko amekwisha nifunga kitenge, tuko njiani kwenda kliniki. Manesi walimchoka. "Eish, gogo, mtoto huyu mzima kabisa!" Gogo ni bibi kwa Kizulu. Yeye anatikisa kichwa, haendi nyumbani mpaka nipimwe joto. Nilimwonea aibu mbele ya watu. Sikujiuliza.

Kwa hiyo alichokitaka Koko uzeeni kilikuwa kimoja, na alikisema wazi. Alitaka kujua kama ule mwisho upo mahali popote duniani. "Kama iko," alisema, "mutu mumoja tu auone, mi nitalala."

Mtu wa kuutafuta nilimpata saluni. Alikuwa mwanafunzi kutoka Kenya, amepanga chumba Glenwood karibu na chuo, anasomea mambo ya filamu. Nywele alizotaka zilikuwa nyembamba sana, na mtu akikaa chini ya mikono yangu muda wote ule lazima tuongee. Nilipomwambia bibi yangu aliigiza sinema za misheni, aligeuka ghafla nusura animwagie mafuta.

"Acha! Na yuko hai?"

"Iko hai. Lakini macho inaondoka."

"Basi wacha tuharakishe," alisema, na kweli aliharakisha kadiri ya uwezo wake. Aliandikia watawa wa Ulaya, wakamwelekeza kwa wengine, wale kwa wengine. Kila alipokuja kusukwa alikuwa na habari: mikanda ipo, mikanda haina majina, kuna mzee anayeitafuta lakini anaumwa. Koko alimpenda. Alimwita binti yangu, naye akamwita nyanya, na wakakaa pamoja wakisemezana, Kiswahili cha Kenya na cha Kivu kikigombana kidogo na kupatana.

Kanisani yule mama wa Kivu hakunyamaza. Jumapili baada ya Jumapili watoto walipungua mapajani mwa Koko. Watoto walipitishwa mpaka kwenye kiti kabla ya Koko, wakarukishwa. Hakuna aliyesema neno baya, walikuwa na heshima zao. Nikataka tuhame kanisa. Koko akakataa. "Kila kanisa iko na mutu wa Kivu," alisema, akaweka mikono mitupu mapajani na kuimba.

Alianza kuniona kivuli. Kisha akanitambua kwa harufu ya mafuta ya nywele. Kisha asubuhi moja akaniuliza kwa nini sijafungua pazia, na mimi nimelifungua zamani, jua limemjaa usoni. Nilikwenda bafuni, nikafungua maji ili asinisikie.

Sinema ikafika baada ya hapo. Hicho ndicho ninachoshindwa kukisamehe, ingawa sijui nimwendee nani. Mwanafunzi alikuja nayo Jumatatu mchana, kwenye laptopu, akiwa ameivaa furaha na huzuni kwa pamoja. Alisema hajaitazama, alitaka tuwe wote. Tukamkalisha Koko katikati, laptopu juu ya meza ndogo mbele yake. Kitu kisicho na sauti, na mtu asiyeona. Tulikaa tukitazamana, mimi na yule Mkenya, kama wapumbavu.

"Sasa?" Koko alisema. "Semeni basi. Iko nini?"

Basi nikamsemea. Nikasema yuko mwanamke anaingia, ana ndoo kichwani.

"Padri alitia mawe," Koko alisema. "Ndoo ya maji alisema haionekane nzito."

Nilikuwa namtazama bibi yangu akiwa mdogo kuliko mimi. Shingo ndefu, uso mpana ambao kila kitu kinapita juu yake, hasira, kiburi, wivu, kimoja baada ya kingine, bila neno hata moja. Alikuwa hodari. Nataka niliandike hilo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Nilimwambia mimi, akatikisa mkono kama anayefukuza nzi, lakini alifurahi. Nikachanganyikiwa niseme wewe au yeye, nikamtaja kwa jina. Akanipiga kofi dogo gotini.

"Hapana jina. Sema ule mwanamuke."

Nikasema yule mwanamke. Yule mwanamke anakunja mkeka. Mtoto amelala chini, ana vipele. Yule mwanamke anamtazama, anageuka, anakwenda kusimama mlangoni. Mtoto anafunikwa. Baba anarudi, anaangusha mzigo wake. Baba ananyoosha mkono kuelekea njia. Yule mwanamke anakwenda, mgongo wake unapungua, unapungua. Kisha picha ikawa nyeupe yenye mikwaruzo, kisha nyeusi.

Mwanafunzi akasogeza mbele, akarudisha nyuma, akasogeza tena. Akanitazama, akatikisa kichwa.

"Amepiga magoti?" Koko aliuliza.

Uongo nilikuwa nao tayari. Niliuandaa mapema, nikiwa natengeneza chai, na ulikuwa uongo mzuri, una kaburi, una kitambaa cha kichwa, una mkono wa baba. Hakuna ambaye angenibishia isipokuwa Mkenya mmoja, naye alikuwa amekwisha kuanza kulia. Lakini huyu bibi alikwisha kusemewa na mtu mmoja maishani mwake, na tuliyaona yaliyotokea.

"Haimo, Koko," nilisema. "Imeishia pale anafukuzwa."

Chini kwa jirani redio ilikuwa inaongea Kizulu. Koko akapapasa ukingo wa meza, akasema, "Toeni meza."

Tukaitoa. Akashuka kwenye kiti kwa mikono kwanza, akapapasa sakafu, akapiga magoti. Nilitaka kumshika akanizuia. Akavua kitambaa cha kichwa polepole, nywele zake nyeupe nilizomsuka mwenyewe zikatokea, akakiweka mbele yake na kukinyoosha vizuri. Akainua uso. Kila kitu kilipita juu ya uso ule kama nilivyoona sasa hivi kwenye laptopu, nikaelewa kwamba anatuonyesha, kwamba sisi wawili ndio watazamaji wake. Nikakaa kimya, kama inavyotakiwa.

Kisha akafungua mdomo, jambo ambalo kwenye sinema hakulifanya kamwe. Akaita jina. Halikuwa jina la mtu yeyote wa sinema. Lilikuwa la mjomba wangu, yule mwanawe aliyekufa kwa surua.

"Ulikuwa na moto tangu asubuhi," alimwambia. "Niliona. Pale dispensari batu balikuwa bengi, bamama ba soko bote, na bote balisha kuona ile sinema. Nikasema, ngoja baende kwanza. Nikafunga mulango. Nikangoja jua ishuke, ndiyo nikakubeba." Akapitisha kiganja juu ya kitambaa. "Niliogopa foleni, papa, mutoto wangu. Si weye. Niliogopa macho ya batu."

Mwanafunzi aligeukia ukutani. Koko hakulia. Alibaki pale, mkono mmoja ameunyoosha hewani, anangoja, na nilichelewa kuelewa kwamba anangoja kuinuliwa.

Nikamwinua. Nilimwambia amesamehewa, nikalirudia neno hilo mpaka akaniambia inatosha, magoti yanamuuma, nimkalishe. Mpaka leo sijui nilimsamehe kwa niaba ya nani.